Saa 24 juu ya baiskeli ya mlimani: muda hupotelea kambini

Katika mbio za saa 24 za baiskeli za mlimani, ambazo hushindwa kwa kuhesabu mizunguko, mwendeshaji mmoja anamaliza mzunguko kwa saa 1 na dakika 45, kisha anasimama kambini dakika 15: anywe, abadilishe glavu, alalamikie mgongo, atafute betri. Hizo ni saa 2 kamili kwa kila mzunguko, na kwa saa 24 atapata mizunguko 12. Mwenzake ana kasi ileile porini, ila kambini hazidishi dakika 5. Mzunguko na kituo vinamchukulia dakika 110, kwa hiyo mizunguko 13 inaisha na dakika 10 zinabaki. Miguu ni ileile. Kilichowatenganisha ni meza ya kambini.

Hesabu hiyo nimeichukua kwa kuwazia 24 Hours in the Old Pueblo, mbio za Februari katika jangwa la Sonora, kaskazini mwa Tucson, Arizona. Mzunguko ni kama kilomita 26, sehemu kubwa njia nyembamba ya mtu mmoja inayopita katikati ya miiba. Watu huanza saa 6 mchana Jumamosi na kumaliza saa 6 mchana Jumapili. Wanaanza kwa kukimbia kwa miguu hadi baiskeli zilipo, desturi iliyotoka kwenye mbio za magari za Le Mans, Ufaransa. Wazo la kuziingiza mbio za saa 24 kwenye baiskeli za mlimani lilikuwa la Laird Knight, mwaka 1992, huko Canaan, West Virginia, na wakati huo lilikuwa la timu za watu wanne. Mwaka 1996 John Stamstad alijiandikisha kama timu ya wanne kwa majina manne yaliyokuwa yake mwenyewe, akaziendesha zamu zote peke yake. Siku hizi wa peke yao wana daraja lao, na ndio ninaowaandikia zaidi.

Mbio za miguu za mwanzo ni mita mia kadhaa tu, lakini zinaharibu siku ya watu wengi. Viatu vyenye chuma chini havikutengenezwa kukimbilia, na msuli wa kigimbi ukivutika hapo utakukumbusha hadi kesho yake. Wa timu ana sababu ya kukimbia, kwa sababu akichelewa kuingia njia nyembamba atakaa nyuma ya foleni. Wa peke yake atembee haraka, apande, na avumilie vumbi. Kwa saa 6 za kwanza mapigo ya moyo yasizidi kama asilimia 75 ya upeo wako. Ukiwa huna kifaa cha kuyapima, jaribu kusema sentensi ndefu bila kukata pumzi, ukishindwa, umezidisha. Penye mlima mkali shuka utembee bila haya. Mita 200 kwa kutembea kilomita 4 kwa saa ni dakika 3. Kwa kukanyaga kilomita 5 kwa saa ni dakika 2 na sekunde 24. Sekunde 36 hizo utazilipia kwa nguvu zote zilizobaki mapajani, na bei hiyo ni kubwa mno kwa saa ya tano ya mbio.

Sasa giza. Anayetoka karibu na ikweta amezoea usiku wa saa 12 mwaka mzima, na kosa la kwanza ni kupanga taa kwa mazoea hayo. Katikati ya Februari kusini mwa Arizona jua linazama kama saa 12 na dakika 10 jioni na kuchomoza karibu saa 1 asubuhi, yaani karibu saa 13 bila jua. Na hiyo ni nafuu: Strathpuffer, mbio za Januari kaskazini mwa Uskoti, zina giza la saa 17 hivi, pamoja na matope na barafu. Mbio za saa 24 ni jina la jumla tu. Kinachotakiwa kuhesabiwa ni saa za usiku.

Taa zinatakiwa mbili, na si kwa ajili ya mwanga mwingi. Taa ya usukani iko chini, kwa hiyo kila jiwe linatupa kivuli na unaona kimo chake. Taa ya helmeti iko karibu na macho, vivuli vinajificha nyuma ya mawe yenyewe, na njia inaonekana bapa kama karatasi. Anayepanda na taa ya helmeti peke yake huanguka kwenye mashimo ambayo kwa kweli aliyatazama. Anayepanda na ya usukani peke yake hawezi kuona kona, maana usukani unaelekea kwenye kichaka wakati njia imeshakata kushoto. Usukani upewe mwanga mpana wa lumeni 800 hadi 1,200, helmeti mwanga mwembamba wa lumeni 600 hadi 1,000. Taa ya helmeti iwe na betri nyepesi, au betri ikae mfukoni mwa mgongo kwa waya. Gramu 200 juu ya kichwa hazisikiki saa 1 usiku, ila saa 10 alfajiri shingo inazihesabu moja moja.

Betri zihesabiwe kwa wati. Taa inayokula wati 10 kwenye betri ya wati-saa 50 ingedumu saa 5, lakini baridi inapunguza uwezo wa betri za lithiamu, kwa hiyo panga saa 4. Usiku wa saa 13 unataka betri nne kwa taa hiyo moja kama huna pa kuchajia. Mlimani ukiwa unakwenda mwendo wa kutembea, shusha mwanga hadi robo. Bonyezo moja la swichi linaweza kukuongezea saa nzima. Kambini bandika utepe: betri iliyojaa ina utepe mweupe, ikitoka kwenye baiskeli msaidizi anaubandua papo hapo. Bila alama hiyo, saa 9 usiku watu wawili wenye usingizi watashika betri tano zinazofanana na kubahatisha. Kurunzi ndogo ya mfukoni ibaki ndani ya begi la zana, isiguswe mpaka mambo yaharibike. Taa zote mbili zinaweza kuzimika, na kutembea gizani kati ya miiba ya Arizona ni adhabu.

Miiba hiyo inastahili maelezo. Choya ni ndugu wa mpungate, na vipingili vyake hukatika kwa kuguswa tu, ndiyo maana watu wanasema unaruka. Ukipita karibu unatoka na donge la miiba kwenye mkono au paja. Usilishike. Likitoka kwenye mguu litahamia kwenye vidole, kwa sababu kila mwiba una vinyweleo vinavyoelekea nyuma na hushika chochote. Chukua kitana cha kawaida chenye meno mapana, kipitishe kati ya ngozi na donge, kisha lirushe kwa mkupuo mmoja, ukitazama nani amesimama upande huo. Miiba inayobaki ing'olewe kwa koleo ndogo, ikivutwa moja kwa moja bila kupindwa, la sivyo ncha zinavunjikia ndani. Kitana na koleo vikae kwenye mfuko wa jezi, si ndani ya begi ambalo itabidi ulivue kwa mkono uliojaa miiba.

Tairi nazo zinapigana vita hivyohivyo. Tyubu za kawaida hazifai hapo. Tumia tairi zisizo na tyubu, kila moja na dawa ya kuziba pancha mililita 100 hadi 120, iliyowekwa wiki hiyo hiyo. Dawa nyingi ni utomvu wa mpira, na hewa kavu ya jangwa huukausha haraka; ukitikisa gurudumu usisikie maji yakicheza, ndani kuna utando tu. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi za inchi 2.25, upepo wa paundi 22 mbele na 25 nyuma ni pa kuanzia. Mwiba mwembamba ukiingia, zungusha gurudumu mpaka tundu liwe chini ili dawa ilifikie, subiri nusu dakika, endelea. Tundu kubwa lizibwe kwa utambi wa mpira unaosukumwa na sindano yake, kabla upepo wote haujatoka.

Shida yenyewe huja pale dawa inaposhindwa na unaamua kutia tyubu. Tairi hilo limekula miiba tangu mchana, na ncha zake zote zimechomoza ndani. Hazikuwa na madhara kwa sababu dawa ilizifunika. Ukitia tyubu mpya itatoboka kabla hujamaliza kujaza upepo. Ni lazima upitishe kitambaa ndani ya tairi lote, na si vidole, na kila kinaponasa ung'oe mwiba kwa koleo. Kazi hiyo kwa taa ya helmeti ni dakika 20 au zaidi. Kwa sababu hiyo gurudumu la akiba kambini, lenye tairi, diski ya breki na frewili zinazolingana na za baiskeli yako, lina thamani kuliko fremu ghali. Ukipata pancha ya namna hiyo ukiwa umebakiza kilomita 2, tembea na baiskeli hadi kambini.

Kuna jambo dogo la upepo ambalo hata wazoefu hulisahau. Mchana ni nyuzi 22, alfajiri ni nyuzi 2. Tairi uliyoijaza paundi 25 mchana inashuka kwa paundi 2 na nusu hivi bila pancha yoyote, kwa sababu hewa ya baridi hupungua shinikizo. Kwa tairi za mlimani hicho ni kiasi cha kufanya rimu igonge jiwe. Shokapu za upepo nazo: paundi 80 za mchana zinakuwa kama 74, uma wa mbele unazama zaidi ukifunga breki, na mwendeshaji anadhani mikono yake ndiyo imechoka. Msaidizi apime tairi zote mbili jua linapozama na tena karibu na saa 6 usiku. Pampu yenye kipimo, dakika moja.

Cheni iwe mpya kiasi: ikivutika kufikia asilimia 0.5, ibadilishwe, lakini ifanyike wiki mbili kabla, maana cheni mpya kwenye frewili iliyochakaa inaruka meno ukikanyaga kwa nguvu. Jangwani tumia nta au mafuta makavu. Mafuta mazito hukamata vumbi na kuwa msasa. Kila mizunguko mitatu: futa kwa kitambaa, tone moja kwa kila pingili, zungusha pedali nyuma, futa tena. Begini kuwe na kiungo cha haraka kinacholingana na idadi ya gia zako, kifaa cha kukatia cheni, na kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia mashine ya gia za nyuma kwenye fremu. Kipande hicho kimetengenezwa kipinde ili mashine isivunjike, na kila fremu ina cha kwake. Kambi nzima yenye mafundi kumi haitakusaidia kama cha kwako hakipo.

Pedi za breki, seti mbili, ziwe zimekwisha kuzoeshwa: shuka mlima ukifunga breki mara 15 hadi 20 bila kusimama kabisa, la sivyo zitateleza na kupiga kelele. Kwenye matope ya Uskoti pedi laini zinaweza kwisha kabla ya alfajiri, hivyo huko chukua za chuma. Gurudumu likiwa limetolewa usibonyeze breki. Pistoni zitafunga, na utatumia dakika 5 na bisibisi bapa kuzirudisha.

Chakula ndicho kinachowatoa watu wengi mbioni. Vitabu vinasema gramu 60 hadi 90 za wanga kwa saa, na saa za mwanzo inawezekana. Baada ya saa 10 tumbo la walio wengi linakubali 40 hadi 60, kwa sababu damu imeelekezwa kwenye misuli, na ukilazimisha jeli tamu juu ya kinywaji kitamu, sukari inakaa tumboni ikivuta maji kuingia, halafu kichefuchefu. Dawa yake ni kupunguza mwendo kwa dakika 15, kunywa maji matupu kwa mafundo madogo, kisha kurudi na kitu cha chumvi. Kinywaji cha bei nafuu kisicho na siri: lita 1 ya maji, sukari gramu 60, ambazo ni vijiko 5 vya kulia, na robo kijiko cha chai cha chumvi, limau ukipenda. Robo kijiko ni kama gramu 1.5 za chumvi, ambazo ndani yake mna karibu miligramu 600 za sodiamu. Mchana kunywa mililita 500 hadi 750 kwa saa, usiku punguza. Anayekunywa maji matupu bila kiasi anajiletea upungufu wa sodiamu: vidole vinavimba, pete inabana, kichwa kinauma, anadhani ana kiu na kunywa tena. Huyo apelekwe hema la matibabu.

Vyakula viwe vya kawaida. Kiazi cha kuchemsha cha ukubwa wa ngumi ya mtoto kina gramu 25 hivi za wanga, ndizi vivyo hivyo, slesi ya mkate 12 hadi 15. Saa 8 usiku kikombe cha supu ya tambi chenye chumvi kinapita pale jeli zote zinapokataliwa. Kafeini ihifadhiwe, anayeanza kahawa saa 8 mchana hatakuwa na silaha usiku. Kikombe kimoja, miligramu 100 hivi, karibu na saa 6 usiku, na kingine saa 9.

Saa 9 hadi saa 11 alfajiri ndiyo saa mbaya, kwa kila mtu. Joto la mwili liko chini kabisa na ubongo unataka kulala hata kama miguu ina nguvu. Vijiti vinaonekana nyoka. Ukianza kukosa kona ambazo umezipita mara saba, lala dakika 20, kengele ikiwa mkononi mwa msaidizi na si mwako. Ukizidisha hadi nusu saa au zaidi unaingia usingizi mzito, unaamka umepotea na unatetemeka, na wengi walioenda kulala "saa moja tu" huonekana tena wakati wa chai. Kabla ya kulala vua nguo zilizolowa jasho. Nyuzi 2 na jezi mbichi ni njia ya haraka ya kuacha mbio.

Msaidizi mzuri haulizi "Unataka nini?" Mtu aliyeendesha saa 15 atajibu kwamba hataki kitu, na atakuwa anaongopa. Msaidizi husema: "Kunywa hiki. Glavu hizi. Betri nimebadilisha. Twende." Awe na karatasi yenye muda wa kila mzunguko, alichokula na alichorudisha bila kula; chupa ikirudi imejaa mara mbili mfululizo, hiyo ni dalili kubwa kuliko maneno yoyote. Vitu viwe kwenye ndoo au makreti kwa kazi zake: kula, taa, nguo, fundi. Kiti cha kukunja kiwekwe mbali. Ni kweli, kiti ni hatari kuliko choya.

Ngozi ya makalioni haisameheki. Paka mafuta ya mgando au krimu maalumu kabla ya kuanza, badilisha suruali fupi yenye sponji kila saa 6, ujifute na ukauke kabla ya kuvaa nyingine. Kinacholeta vidonda ni unyevu, msuguano na bakteria vikikutana. Ganzi ya kidole kidogo na cha pete inatokana na mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kiganja. Badilisha mshiko, legeza mikono kwenye miteremko, vaa glavu nene zaidi usiku. Ganzi hiyo inaweza kukaa wiki kadhaa, na anayeona bado anashindwa kufunga vifungo baada ya hapo aende kwa daktari.

Kwa timu ya wanne swali ni zamu. Mzunguko ukichukua saa 1 na nusu, zamu moja moja inampa kila mtu mapumziko ya saa 4 na nusu; ukiondoa kula, kuoga na kwenda kwenye hema la kupokezana, inabaki saa 2 za usingizi wa wasiwasi. Zamu mbilimbili usiku zinampa saa 9, na humo mtu analala sawasawa. Mchana moja moja kwa kasi, usiku mbilimbili. Anayepokea kijiti awe hemani dakika 10 kabla ya makadirio, na aliyemwamsha asiondoke mpaka amemwona amesimama kwa miguu miwili.

Mwisho, soma kanuni ya kufunga kabla hujaanza, maana hazifanani. Kuna mbio ambazo mzunguko usiokamilika saa 6 mchana haupo, na kuna ambazo ulioanza kabla ya saa hiyo unahesabiwa ukirudi ndani ya muda wa nyongeza. Kwa aina ya kwanza, fanya hesabu saa 3 asubuhi: zimebaki saa 3, mzunguko wako sasa ni saa 2 na dakika 5, kwa hiyo ni mmoja tu, na hakuna haja ya kuukimbiza. Mpe dereva mwingine funguo za gari mapema, Ijumaa jioni. Mwili uliokesha saa 24 unaendesha gari kama mlevi, na barabara ya kutoka jangwani kurudi Tucson ina malori.